Mwezi wa Kumi na Tatu

"3 Julai 2001," ilisema kompyuta, na Taha akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi.

Julai ilimaanisha arusi ya Ijumaa ipo. Machi ingemaanisha haipo, wala haitakuwapo kamwe.

Mueni, aliyefika Jumatatu kutoka Machakos kumsaidia kuingiza rekodi za zamani za kituo cha afya, alisogeza kiti. "Bado sijaelewa. Mtoto akinyonya kwa jirani, shida iko wapi?"

"Kwa dini yetu, akinyonya kabla hajatimiza miaka miwili, yule jirani ni mamake. Watoto wa jirani ni nduguze. Hawaoani."

Bibi arusi alikuwa Razan. Alipokuwa mdogo, mamake alilazwa siku kumi, na Bi Nana wa nyumba ya pili akamchukua. Mtoto alilia sana, na kila alipolia Bi Nana alimpa ziwa. Siku zote aliamini Razan alikuwa keshapita miaka miwili, ndiyo maana hakuona vibaya kumposea mwanawe. Lakini juzi, wanawake wakichagua mchele wa arusi, mmoja alimuuliza ulikuwa mwezi gani, na Bi Nana hakukumbuka. Tangu hapo hapati usingizi, analia tu, na sahani yake inarudi jikoni kama ilivyotoka.

Razan alitimiza miaka miwili Aprili mwaka ule. Daftari la wodi lilishaliwa na mchwa. Iliyobaki ni orodha aliyoichapa muuguzi mmoja zamani, na kwenye mstari wa mamake Razan tarehe ya kulazwa iliandikwa 07/03/2001. Programu iliyoisoma orodha hiyo Taha aliiandika mwenyewe.

Sauti ya Sheikh Obeid, aliyeachiwa kuamua kama ndoa ifungwe, ilipanda kutoka barazani. "Taha, lolote litakalotoka nambia lilivyo. Mngu akutie nguvu, mwanangu."

Simu ilitikisika mezani. Fundi wa nguo, mara ya tatu leo. Taha aliigeuza kifudifudi.

"Basi chapisha tumpelekee mzee," Mueni alisema. Kisha akainama karibu na skrini. "Ila kuna mistari imekataliwa. 13/03, na hii 22/03. Inasema hakuna mwezi wa kumi na tatu."

Taha alirudi kwenye kibodi. Aliifungua orodha yenyewe, vile ilivyochapwa. 02/03. 07/03. 13/03. 22/03. Zilifuatana siku kwa siku.

Muuguzi alianza na siku, kama kila mtu wa hapa. Programu ilianza na mwezi, kwa kuwa sehemu hiyo Taha aliinakili kwa Wamarekani, wanaotanguliza mwezi, na hakuibadilisha. Palipowezekana ilikisia kimya kimya. Iliposhindwa tu ndipo ikapiga kelele.

"Kwa hivyo ni Machi," Mueni alisema. Dirisha lilikuwa wazi, akapunguza sauti. "Lakini kompyuta imesema Julai, na hakuna atakayejua. Wanapendana, si waoane tu? Nani ataumia?"

Taha alitamani. Wallahi alitamani. Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kuchapisha. Alimfikiria Razan, ambaye jioni hii angepakwa hina. Akamfikiria na Sheikh pale barazani, anayengoja neno lake na hana njia ya kulikagua.

Alisahihisha mstari mmoja wa programu, na Julai ikawa Machi. Akachapisha, akaikunja karatasi mara mbili, akampa Mueni aishushe.

Mlangoni Mueni aligeuka. "Na huyo bwana harusi, maskini. Nani atamwambia?"

Simu ilitikisika tena. Safari hii Taha aliipokea.

"Fundi," alisema, "ile kanzu ya Ijumaa usiitie tarizi. Sina arusi tena."