Kivuli cha Ishirini na Nane Mei

“Usikiegemeze, shemeji. Kijiti kikiinama hata kidogo, kivuli kitasema uongo.”

Mtoro akakinyoosha kijiti kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kitu cha kuvunjika. Mardhiya akapiga magoti mchangani, akaning'iniza uzi wenye jiwe kando yake, akatazama kwa jicho moja mpaka akaridhika kuwa kimesimama wima. Zilibaki dakika tisa.

Mardhiya hakuja Kaole kwa ajili ya kijiti. Alikuja kwa ajili ya mama yake, Bi Adija, aliyelala kitandani Bagamoyo mjini wiki ya tatu sasa, kiharusi kimemshika upande mmoja, na ulimi uliobaki haujui neno jingine ila Zuhura. Alitaka kuisikia sauti ya binti yake mkubwa, basi. Na Zuhura hakuna aliyemsikia tangu Desemba, alipokwenda Maskati kufanya kazi za ndani. Wakala alimpitia alfajiri, mumewe Mtoro alisema, hata kuaga hakuwahi. Tangu hapo ni ujumbe wa maandishi tu: tajiri hapendi nipige simu, nawapenda, niombeeni.

Mardhiya alikuwa amezitunza jumbe zote. Ule alioupenda zaidi ulikuja siku ya kwanza ya Ramadhani, wakiwa na tende mkononi na mwadhini wa mtaani ndiyo kwanza ameinua sauti. *Adhana hiyo inalia, mama. Tunafuturu pamoja.* Bi Adija alilia mpaka uji ukapoa.

“Shemeji, nipe namba ya matajiri wake,” Mardhiya alikuwa amesema alipofika, kwa sauti ndogo, maana hakuzoea kudai kitu kwa mtu. “Mama hana siku nyingi.”

“Wewe si mwalimu wa jiografia? Nipimie kibla kwanza. Kisha nitakupa jibu la kumpelekea mama.”

Alitaka kujenga kibanda cha kusalia hapo uani, alisema. Mardhiya nusura acheke. Mtoro yule yule, ambaye mkewe alikuwa akimfukuza kwa mwiko wa ubwabwa ili aende Ijumaa! Lakini alikuwa amekonda, macho yamezama, kanzu inamning'inia. Upweke humrudisha mtu kwa Mola wake, akawaza, na moyo ukamlainika.

“Ni kweli leo jua linasimama juu ya Kaaba yenyewe?” Mtoro aliuliza, kwa mara ya tatu.

“Juu kabisa, saa sita na dakika kumi na nane. Na saa ya Makka ndiyo saa yetu. Dakika hiyo kila kivuli kinaipa Kaaba mgongo. Wewe unakifuata kinyume tu, umepata kibla.”

“Na Maskati jua liko vivi hivi?”

“Maskati iko mashariki, jua huwawahi wao. Sisi tukisikia adhana ya magharibi, wenzetu wameshafuturu zamani...”

Ujumbe ule wa siku ya kwanza ya Ramadhani ukamjia akilini. Kabla hajauwaza vizuri, kengele aliyoitega kwenye simu yake ikalia.

“Sasa!”

Kivuli kilikuwa kifupi, kama nusu ya kijiti, kimelala kuelekea kusini. Mardhiya akakichora kwa ncha ya kisu. Mtoro akafunga kamba kwenye kijiti na kuivuta kwa kufuata ule mstari. Akaupita msingi wa kibanda aliouchimba, hakuutupia hata jicho, akaenda nayo mpaka nyuma ya jiko, kwenye kitalu cha mirehani.

Kitalu kilikuwa kirefu na chembamba, kimezungushiwa mawe yaliyopangwa kwa uangalifu. Mirehani ilikuwa imestawi, harufu yake imejaa ua mzima. Zuhura aliipenda sana mirehani. Mtoro akaikaza kamba juu ya majani.

“Tazama. Imekikata kwa pembe mraba?”

Mardhiya akainama. “Hapana. Kitalu kimekaa kombo. Ulikipima kwa kufuata nini?”

“Nilifuata jua lilipochomoza. Si ndiyo mashariki?”

“Mwezi gani?”

“Desemba.”

“Basi ndiyo sababu.” Hili alilijua vizuri. Alilifundisha kila mwaka, kwa chungwa na tochi, darasani madirisha yamefunikwa khanga. “Dunia imeinama, shemeji. Desemba jua huchomoza kusini ya mashariki, Juni kaskazini yake. Mashariki hasa huchomoza mara mbili tu kwa mwaka. Hapa umepotoka nyuzi ishirini na tatu hivi.”

“Ni nyingi?”

“Ni nyingi.”

Aliuona uso wa Mtoro ukisawijika. Akamhurumia, akajaribu kumchekesha.

“Lakini usihuzunike hivyo. Mirehani haina kibla.”

Mtoro hakucheka. Alivua kofia, akalichukua jembe lililokuwa limeegemea ukuta wa jiko, akapiga magoti kando ya mawe.

“Nimemlaza dada yako kombo,” akasema. “Nisaidie kumgeuza.”