Giza la Kupangwa

"Pampu zako zikilala tena leo, Mjomba, nitakuletea na mto wa kulalia," Thevan alisema, huku amenyoosha kiganja apewe ufunguo.

"Wewe lete umeme kwanza," Mjomba Seng akamjibu. "Pampu zangu hazinywi maneno."

Rohaya alichomoa ufunguo mfukoni akamtia Thevan mkononi upesi, macho yake yakiwa kwenye nyuso zao, kabla mambo hayajafika mbali. Hao ndio mafahali wake wawili, na zizi lilikuwa moja tu: kituo cha data cha Kulai, jumba lililojaa kompyuta zisizotakiwa kuzimika wala kupata joto. Thevan alisimamia watu wa umeme. Seng, mtu mzima kuliko bosi wake, alisimamia watu wa kupoza. Rohaya aliwasimamia wote, maana yake siku nyingi alikuwa hakimu.

Leo ulikuwa mtihani. Umeme wa nje ungekatwa makusudi, betri zingebeba kompyuta, jenereta zingewaka, na mitambo ya kupoza ingeamka yenyewe. Swichi kuu ilifungwa kwa kufuli, na kwa sheria ya kazi yao ufunguo ulikaa kwa kiongozi peke yake. Asiyeupokea kutoka mkononi mwake hakati kitu.

Mara ya kwanza walifeli. Umeme ulirudi, pampu zikagoma. Seng alisema umeme ulichelewa. Thevan alisema pampu zimezeeka pamoja na mwenyewe. Wakifeli tena, mteja angewapa kazi watu wengine na kikosi kizima kingetawanyika. Rohaya aliogopa, na hasa alimwogopea Seng. Nani angemwajiri mzee mwenye mdomo ule?

Thevan akawaacha kwenye chumba cha skrini, akashuka kwenda chumba cha swichi, kule chini kwenye kuta nene za zege. Rohaya akaligeukia kabati lake ili atoe bakuli la karipap, vile visambusa vya viazi na bizari alivyokaanga asubuhi. Wakifaulu wangesherehekea nazo, wakifeli wangejifariji nazo. Ufunguo aliotoa mfukoni ukagoma kuzunguka. Akausukuma, akaubembeleza, mwisho akalipiga kabati teke na kuuacha ukining'inia hapo hapo.

"Kutu hiyo," Seng alisema. "Kwa unyevu wa huku, hata meno yangu yameshika kutu."

"Yako yameshika kutu kwa maneno, Mjomba."

Bwana Quah, mwakilishi wa mteja, hakucheka. Alikuwa amesimama dirishani na kalamu yake, akitazama ng'ambo ya barabara, kwenye mgahawa wa Jamaluddin. Wateja walikuwa wakinywa chai ya maziwa chini ya feni zilizozunguka kwa kasi.

"Niseme ukweli, Bi Rohaya," alisema. "Mimi hii siiti mtihani. Ni maigizo. Mnajua umeme unakatwa lini, kila mtu yuko tayari, nywele kachana. Siku utakapokatika bila hodi, ndipo nitawajua."

"Ukija bila hodi, Bwana Quah, tutaukaribisha hivyo hivyo," Rohaya alijibu.

Akashika redio. "Thevan. Kata."

Redio ilikwaruza tu. Zile kuta za zege zilikuwa na tabia ya kumeza maneno. Taa ziliendelea kuwaka. Bwana Quah akainua nyusi, na Seng akafungua mdomo, bila shaka kwa neno lake juu ya watu wa umeme.

"Thevan, kata bwana!"

Mkwaruzo mwingine. Rohaya alikuwa akivuta pumzi aite mara ya tatu, giza lilipoingia.

Skrini peke yake zilimulika, zikibebwa na betri. Kisha nyuma ya jengo jenereta ikanguruma, nyingine ikaitikia, na taa zikarudi. Zikabaki pampu. Seng alikuwa amefumba macho, midomo ikimcheza. Mzee aliyejigamba mwaka mzima sasa alikuwa anaomba. Kwenye skrini pampu ya kwanza ikageuka kijani, ikafuata ya pili, halafu zote. Hewa baridi ikaanza tena kuvuma kwenye mabomba juu ya dari. Rohaya alifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake, wala hakuona haya.

"Umeme umefika kwa wakati," Seng alikiri, kwa shida ya mtu anayeng'olewa jino. "Lakini asiambiwe."

"Nitamwambia mimi."

"Dada Rohaya, nakuomba. Nitaishi vipi naye?"

Bwana Quah aliikagua skrini pampu moja moja, akaitikia kwa kichwa, kisha akatia sahihi kwenye fomu ya mtihani. "Kwa maigizo, mmeigiza vizuri," alisema akimpa Rohaya mkono. "Kazi ni yenu."

Seng alikuwa bado akishangilia mlango uliposukumwa. Thevan aliingia anahema, shati limelowa jasho, ameinua ufunguo juu kama mtu aliyemkamata mwizi.

"Dada, nani amekata?" aliuliza. "Mimi ufunguo wako huu haujaingia hata kwenye kufuli!"

Rohaya aliutazama ule ufunguo, kisha akautazama mwingine, uliokuwa bado unaning'inia kwenye kabati lake. Taratibu, yeye na Bwana Quah wakageukia dirisha. Kwa Jamaluddin feni zote zilikuwa zimesimama, na mwenyewe alikuwa ametoka mlangoni, anajipepea kwa sinia.