Shuka la Tekeste

Tekeste alipozinduka, kabla hata ya kuuliza habari za mguu wake, aliuliza shuka lake liko wapi.

Machela ilisimama. Wapiganaji wanne walioibeba mabegani walitazamana, kila mmoja akimwachia mwenzake kazi ya kujibu.

"Liko kwa mtu," alisema hatimaye Gebray, mkubwa wao kwa umri na kwa mdomo.

"Mtu gani?"

"Mwenye shida nalo kuliko wewe. Hebu kunywa maji."

Jibu hilo lilimchoma. Katika milima ile mpiganaji aliazima viatu, sindano, hata bunduki. Lakini netsela yake, lile shuka jeupe la pamba, hakumpa mtu. Alijifunga nalo mchana, alijifunika nalo usiku, na siku yake ikifika alizikwa nalo. Yeye walikuwa wamemlaza juu ya turubai kama gunia la mtama. Wameona aliye hai ndiye anayehitaji shuka, aliwaza, na maiti hata turubai linamtosha.

Akainua kichwa autazame mguu. Paja lilikuwa limefungwa kwa vipande vya kitambaa vyenye pindo la kijani, na pindo lile alilijua. Lilikuwa la Abrehet, mdogo wake, muuguzi wa kikosi. Alimkumbuka akilichana shuka lake mwenyewe kwa meno, huku akimfokea: "Tulia, punda wewe!" Baada ya hapo hakukumbuka kitu.

"Abrehet yuko wapi?"

"Alipokufunga wewe alipanda tena kilimani," alisema Gebray. "Kulikuwa na wengine wanalia huko."

"Ameona heri alichane tu. Tangu utoto, hakuna shuka lililowahi kumfika miguuni twiga yule!"

Hakuna aliyecheka. Gebray, ambaye alikuwa akicheka hata mabomu yakianguka, alikohoa tu na kuinua machela.

Tangu hapo Tekeste alianza kuwachunguza. Walipopumzika kivulini, walimpa chai yenye sukari ya kikosi kizima, wao wakanywa chungu. Walimpa maji yao wenyewe. Wakisogea pembeni, walinong'ona, naye akijigeuza tu, wananyamaza. Zerai, aliyebeba upande wa kichwani, hakumtazama machoni hata mara moja.

Huruma ya namna hiyo aliifahamu. Babu yake alipofariki, walimfuata mama yake shambani wakamwambia mzee anaumwa kidogo tu. Walimpeleka nyumbani, wakamlisha, wakamwacha alale. Alfajiri wakaja watu wote wa kijiji, wakakaa kimya kumzunguka, ndipo mama akapiga yowe. Kwao mtu haambiwi msiba akiwa njiani, wala haambiwi na mtu mmoja. Wanaficha mpaka mwenyewe awe ameketi, ameshiba, na ana watu wa kumshika.

Na sasa walikuwa wanamficha yeye kifo chake mwenyewe. Tekeste aliogopa, na aliona uchungu kwamba watu aliokula nao miaka yote hii wanamdanganya usoni. Kila machela iliposimama alijinusa mguu kwa siri, akitafuta harufu ya kuoza.

Jioni uvumilivu ukamwishia.

"Zerai! Nitazame. Niapie kwa Mariamu kwamba sifi."

Zerai alimtazama. "Naapa kwa Mariamu, hufi."

"Mbona unalia, basi?"

"Vumbi."

"Vumbi gani, na tunapita kwenye mawe matupu? Muongo mkubwa wewe!"

"Mwache mwenzio," alisema Gebray, akihema. "Bega lake limechubuka."

"Kama nawalemea, nitueni hapahapa!"

"Si wewe unayetulemea," Gebray alijibu.

Walifika hospitali ya mapangoni jua likizama. Daktari, mwanamke mwembamba mwenye sigara sikioni, alikata bandeji, akabonyeza, akanusa, akacheka.

"Nani aliyekufunga hivi? Ana mkono wa dhahabu. Risasi imepita kwenye nyama tu. Mguu huu utacheza kwenye harusi yako."

Tekeste alilia kwa furaha, kisha akaona aibu kwa yote aliyowawazia wenzake. Alikuwa mzima. Aliomba apewe vile vipande vyenye pindo la kijani, akaviweka chini ya mto ili amrudishie Abrehet na kumtania navyo. Wakamletea uji mzito wenye siagi, Gebray akasimama pale pale mpaka bakuli likaisha. Kisha akalala kama mtoto.

Alfajiri aliamshwa na nyayo. Gebray aliingia, na Zerai, na wale wawili wengine, ambao walitakiwa wawe wamesharudi vitani. Nyuma yao wakaja wapishi, kisha daktari bila sigara yake, kisha majeruhi wenye magongo. Kila mmoja alikuwa na shuka lake begani. Waliketi chini kuzunguka kitanda chake, wala hakuna aliyesalimia.

"Jamani," Tekeste alisema, bado anatabasamu, "mbona mmekuja kama... Mimi si nimepona?"

Zerai alipanda kitandani nyuma yake, akamshika mabega kwa mikono miwili.

Tekeste aliwatazama mmoja mmoja. Tabasamu likaondoka. Alipeleka mkono chini ya mto, akavitoa vile vipande, akalipapasa pindo la kijani.

"Gebray," alisema. "Shuka langu lilimfika miguuni?"