Mkono wa Pili wa Shati

Fundi alikuwa ameshakaza boliti ya mwisho ya silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, alipoona mezani mkono mmoja tu wa shati, wenye kifungo cha njano.

Shati lake kuukuu alikuwa amelichana vipande vinne, akaziba navyo silinda nne ili vumbi lisiingie. Mgongo huu hapa. Kifua hiki hapa. Mkono wa pili uko wapi?

"Kaka, leo inawaka?" dada yake, mwenye lori, aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Usiniulize!"

Akapekua ndoo, mifuko, chini ya lori. Wapi! Injini ikimeza kitambaa, imekwisha. Akiifungua, gasketi inayoziba chini ya hedi imekufa, haitumiki mara mbili, na dada aliuza cherehani yake kununua hiyo gasketi na ringi za pistoni.

Alitukana, akashika spana, akafungua boliti zote kumi na nane. Hedi iliponyanyuka, gasketi ilichanika, nusu ikabaki juu, nusu chini.

Silinda zote nne zilikuwa tupu, zinang'aa.

"Jamani kaka, bado tu?" Dada alichungulia dirishani, akiendelea kufuta kioo kwa kitambaa chenye kifungo cha njano.