Doto Hajui Kuchonga

Kitako cha chupa kilipasuka vipande viwili, na Fulgence akambamiza Doto kwenye mguu wa meza kwa nguvu zake zote.

“Mjinga! Nimekwambia paruza ukingo kwanza!”

Damu ilianza kumchuruzika Doto.

Kabula alitoka jikoni mbio, mwiko bado unafuka mvuke. “Baba Levina! Ukimvunja na huyu, tutabaki na nani?”

“Heri nisibaki na yeyote kuliko kubaki na zoba kama hili.”

Wala hakuwa anatania. Tangu masika Fulgence alikuwa akiamka na hasira na kulala nazo. Alimkasirikia daktari aliyemwambia avumilie, aliwakasirikia bodaboda waliopita wakipiga honi, alimkasirikia hata Mungu, ingawa hilo hakumwambia padri. Lakini hasira zote hizo ziliishia kwa Doto, maana ndiye aliyekuwa karibu.

Kulwa na Doto walizaliwa siku moja, huko Lupiro, ng'ambo ya mto. Majina aliwapa Kabula alipoolewa; yeye ni Msukuma, na kwao pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto. Watu wakacheka, majina yakaganda. Ila mapenzi hayakugawanywa sawa hata kidogo. Kulwa alikuwa wa kupokea wageni, wa kutangulia kwenye sahani ya wali, wa kusifiwa. Doto hakuruhusiwa kugusa chakula mbele za watu. Kazi zake zilikuwa za chooni. Utotoni, alipothubutu kumsalimia mtu mzima, alichapwa, na aliyemchapa wa kwanza alikuwa mama mzazi.

Kazi ya mishale nayo ilikuwa ya Kulwa. Fulgence alimwona mtu kwenye simu akigeuza chupa ya bia kuwa ncha ya mshale, akaapa kwamba hata Ifakara itawezekana. Vigae vya mwanzo vilijaza debe. Kisha Kulwa akaishika kazi, akawa anabandua vibanzi vyembamba kama maganda ya kitunguu, kwenye chupa na hata kwenye mawe meupe ya mtoni. Doto alikuwepo siku zote hizo, lakini wa kushika tu. Yeye alishikilia kioo, Kulwa akabonyeza. Kioo kilipoteleza, aliyekatwa ni Doto. Sifa zikaenda kwa Kulwa.

Kikundi cha utalii kikawapa kibanda karibu na daraja, pale Kivukoni, na wageni wakawa wanashuka kwenye magari kutazama. Fulgence alikipenda kibanda kile kuliko nyumba yake. Pale, angalau, hakuna aliyemwita mzee asiye na kazi.

Halafu asubuhi moja ya masika Kulwa hakuamka. Hospitali walisema anaweza kurudi, anaweza asirudi. Kabula alimkanda kwa mafuta ya ufuta asubuhi na jioni, akamgeuza, akamfunika vizuri. Kulwa hakutikisika.

Anselim, mwenyekiti wa kikundi, alivumilia mpaka akachoka. “Jumamosi nakuja,” alisema. “Nikikuta hapachongwi kitu, kibanda nampa Viktor akaangie chipsi.”

Chipsi! Neno hilo lilimkaa Fulgence kooni kama mwiba wa perege.

Na sasa Doto alikuwa amepasua chupa nyingine. Kabula alimwosha damu kwa maji ya chumvi, akamfunga kitambaa.

“Umemdharau tangu mdogo,” alisema bila kumtazama mumewe. “Hukumfundisha kitu. Leo unataka awe fundi, tena kwa vipigo. Kwani Kulwa hakuvunja? Alivunja debe zima, ukawa unacheka.”

Fulgence alijua ni kweli. Hilo likamuudhi zaidi.

Jumamosi Anselim alifika kibandani, akaamkia akiwa bado ameshikilia usukani wa pikipiki. “Shikamoo, Mzee Fulgence. Kulwa vipi?”

“Marahaba. Amelala tu.”

“Pole. Sasa nani atachonga?”

“Doto.”

Anselim alicheka. Hakikuwa kicheko kirefu, lakini kilitosha. Damu ilimpanda Fulgence kichwani, na kwa mara ya kwanza hasira haikumwelekea Doto. Nani alimpa huyu ruhusa ya kumcheka Doto? Wa kumtukana Doto alikuwa yeye peke yake.

Alibana kitako cha chupa katikati ya magoti, juu ya kipande cha ngozi. Kabula akampa Doto kijiti chenye ncha ya shaba.

“Taratibu,” Fulgence alinong'ona. “Paruza ukingo kwanza. Ehe. Sasa bonyeza kuelekea ndani. Usiogope.”

Kibanzi cha kwanza kilitoka kinene, cha pili kikaenda kombo. Cha tatu kiliruka chembamba, kikalia kwenye sakafu. Fulgence hakufoka. Alingoja, akanong'ona tena, akangoja. Anselim alishuka kwenye pikipiki, akasogeza kiti, na baadaye akavua kofia.

Mwishowe kilichobaki juu ya ngozi kilikuwa ncha ya mshale ya kijani. Ilikuwa imepinda upande mmoja, lakini Anselim alipoigusa, ilimchana kidole.

“Aisee,” alisema, akinyonya damu. “Viktor atatafuta pengine pa kukaangia. Hongera, mzee.” Akainuka, akajifuta, akanyoosha mkono.

Fulgence alimtazama Kulwa, aliyelala pajani pake vilevile Kabula alivyomlaza. Kisha, mbele ya mgeni, akamtuma Doto.

“Samahani, Mwenyekiti,” alisema. “Nakupa mkono wa kushoto.”