Askari Aliyeacha Taya Vitani

Katika kichuguu kimoja, mchwa askari hawakuweza kujilisha. Taya zao zilikuwa za kukatia shingo tu, hivyo vibarua waliwatafunia nyasi na kuwalisha mdomoni, kama walivyomlisha Malkia.

Siku moja Malkia akatangaza vita. "Nyasi za jirani ni tamu. Twende tukazichukue!" Akamwita Kibogoyo, askari mzee aliyeacha taya zake vitani, awatie vijana moyo mbele ya askari na vibarua wote.

Kibogoyo akaing'oa nishani yake, akaitupa chini. "Hao majirani nimewapasua mimi mwenyewe. Matumboni mwao mlikuwa na nyasi kavu kama hizi zetu. Ni vibarua kama nyinyi! Na huyu anayesema 'twende', nani aliwahi kumwona vitani?"

"Msaliti! Mfungeni!" Malkia akafoka.

Askari wakamburura. "Vibarua!" akapaza sauti. "Kuanzia leo, mnachotafuna mkimeze wenyewe!"

Wakameza. Siku ya tatu askari walikuwa hoi, wakamfungua Kibogoyo bila kuamriwa. Malkia, aliyenenepa hata kugeuka hawezi, akalia, "Nakufa njaa! Chakula kiko wapi?"

"Kwa jirani," Kibogoyo akamjibu. "Nenda kapigane."