Mama Igoki na Picha ya Macho Wazi

Kosa lilikuwa langu, nakubali. Betri za flashi niliziacha Kinoru ndani ya redio, juu ya mambo ya mpira. Nikafika Laare na kamera nzuri, diploma ya miaka miwili na flashi tupu.

Mama Igoki alicheka mpaka akakohoa. Akasema afadhali, hiyo radi yangu ndiyo humfunga macho. Ni ukweli. Nimempiga picha miaka kumi, harusini na kanisani, na zote amefunga macho kama mtu anaombea chakula.

Sasa binti yake Veronicah alikuwa anasafiri kesho, Uingereza, kusomea unesi miaka mitatu. Alitaka kubeba kitu kimoja tu: picha ya mamake akimwangalia.

Nje mvua ilikuwa inamwagika, na magoti ya mama yalikataa kutoka. Ndani kulikuwa na kadirisha kamoja na moshi wa jikoni. Bila flashi, ule mlango mdogo wa kamera, shata, lazima ukae wazi muda mrefu ndio ushike hako kamwanga. Na mtu akitingizika kidogo hapo, anatoka kama ukungu. Hayo yote niliyaeleza kwa Kiswahili cha diploma. Mama akauliza kwa Kimeru kama nimemaliza kuhubiri.

Filamu ilikuwa imebakisha picha tatu. Kamera nikaiweka juu ya debe.

Ya kwanza, mama aligeuka kufukuza kuku. Ya pili ilienda vizuri mpaka mimi mwenyewe nikapiga chafya, nikagonga debe.

"Mwiti," Veronicah akasema, "ukiharibu hii ya mwisho nakutia wewe kwa sanduku, nikawaonyeshe wazungu."

Mama alicheka tena, lakini kidogo. Akasema amechoka, nifanye haraka. Akaegemea kiti, mkono wake ndani ya mkono wa binti, akaikazia kamera macho.

"Usipepese mpaka nikuambie," nikasema.

"Nimesikia, wewe mtoto."

Haraka sikufanya. Nilipangusa lenzi na shati, nikasogeza debe, nikalirudisha, nikangoja wingu lipite. Halikupita. Mwishowe nikafungua shata, nikahesabu pole pole: moja, mbili, tatu, nne. Nzi akatua kwa shavu la mama, akapanda mpaka pembe ya jicho. Mama hata hakujali. Nimepiga picha maaskari kwa gwaride, na hakuna aliyewahi kutulia hivyo. Nikajipongeza. Kumbe mimi pia naweza kumweleza mtu kitu akashika.

Shata likafunga. Veronicah akaachilia mkono wa mamake ili anipigie makofi. Ule mkono ukateleza kando ya kiti, ukabaki unaning'inia.

"Tumemaliza, mama," nikasema. "Sasa unaweza kupepesa."